Hesabu Isiyofutwa na Majaliwa

Mnamo mwaka 197 hivi, Tertuliano wa Karthago aliwaandikia wakuu wa dola ya Roma utetezi mkali wa Wakristo wenzake. Mojawapo ya malalamiko yake lingeeleweka popote penye mto na watu wenye hofu. Tiber ukifurika hadi kwenye kuta za mji, alisema, kosa ni la Wakristo. Nile usipopanda hadi mashambani, kosa ni lao pia. Mvua ikikata, ardhi ikitikisika, njaa au tauni ikiingia, umati hauna hukumu nyingine ila kuwatupia simba. Halafu, kwa dhihaka aliyoizoea, akauliza kama simba mmoja atawamaliza wote hao.

Tertuliano hakujua Nile unatokea wapi. Mkazi wa Jinja anajua, na anajua pia kwamba tangu mwaka 1954, bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa, mto huo unapita kwenye lango lenye mwenyewe. Kiasi cha maji kinachoruhusiwa kutoka Ziwa Victoria kiliwekwa kwa makubaliano ya Uingereza na Misri: ziwa likipanda maji yaongezwe, likishuka yapunguzwe, kana kwamba bwawa halipo. Ziwa liliposhuka vibaya mwaka 2005 na 2006, wataalamu walitaja sababu mbili. Kulikuwa na ukame, na kulikuwa na maji yaliyofunguliwa kupita kiasi kilichokubaliwa ili mitambo ya umeme isilale. Mei 2020 mambo yaligeuka. Baada ya mvua nyingi zilizoanza mwishoni mwa 2019, kipimo cha Jinja kilifika karibu mita 13.4, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na maji yakawafuata watu wa mialoni hadi vyumbani mwao.

Ziwa ni lilelile, na balaa ni mbili. Ya 2020 ilitoka mawinguni kwa sehemu kubwa. Ya 2006 ilikuwa na mkono wa mtu langoni. Anayesema juu ya zote mbili kwamba ni mipango ya Mungu ametamka neno la imani ambalo siwezi kumpinga. Ila bila kukusudia amemwondolea mtu mmoja swali alilopaswa kulijibu. Maongozi ya Mungu na haki ya wanadamu hukutana kwa shida namna hiyo, na Wakristo wa karne za kwanza waliisumbukia shida hiyo kwa kina kuliko tunavyoisumbukia sisi tunaoimba nyimbo zao.

Katika karne hizo yalitoka majibu mawili makubwa. La kwanza ni la washindi. Konstantino alipoingia madarakani na mateso yakakoma, Eusebio, askofu wa Kaisaria, aliona historia nzima imefika ilikokuwa ikienda: Mungu mmoja mbinguni, mfalme mmoja duniani, na amani ya dola ikiandaa njia ya Injili. Laktansio, mzaliwa wa Afrika Kaskazini kama Tertuliano, aliandika kitabu kizima kuhusu namna watesaji wa Kanisa walivyokufa. Hakuona haya kueleza kwa urefu funza na harufu ya ugonjwa uliomuua Kaisari Galerius mwaka 311. Somo lilikuwa jepesi: tazama nani ameanguka, utajua Mungu yuko upande gani.

Jibu la pili lilizaliwa wakati hesabu hiyo ilipogoma. Agosti 410, Wagothi wa Alariki waliingia Roma na kuipora kwa siku tatu. Safari hii dola ilikuwa ya Kikristo. Wapagani wakauliza kwa haki kabisa: basi Mungu wenu alikuwa wapi? Augustino wa Hippo, katika nchi tunayoiita leo Aljeria, alianza kuwajibu mwaka 413 na hakumaliza hadi 426 hivi. Kitabu chake kuhusu mji wa Mungu kina sehemu 22. Hoja yake inayonikaa rohoni ni ile inayowanyima washindi furaha. Anasema Mungu ndiye anayetoa falme, lakini huwapa wema na wabaya pia. Aliyempa Konstantino ndiye aliyempa Nero. Utawala si cheti cha uadilifu, na maafa si hati ya mashtaka. Wema na waovu walipigwa na upanga uleule Roma. Tofauti ilikuwa katika namna kila mmoja alivyolibeba pigo.

Kisha, katika sehemu ya nne, analeta lile la haki. Ufalme usio na haki, anasema, hautofautiani na genge la wanyang'anyi isipokuwa kwa ukubwa. Anasimulia habari ya mharamia aliyekamatwa na kuletwa mbele ya Aleksanda. Alipoulizwa kwa nini anasumbua bahari, alijibu kwamba anafanya lilelile analofanya mfalme. Ila yeye ana chombo kimoja kidogo ndiyo maana anaitwa mwizi, na mwenzake ana jeshi la majini ndiyo maana anaitwa mtawala.

Mashariki ya Uganda yalitokea mambo ambayo yangempa kazi Eusebio, na Laktansio, na Augustino, na huyo mharamia pia.

Oktoba 1885, Askofu James Hannington aliingia Busoga akitokea upande wa Kavirondo. Alikuwa ameondoka Rabai, karibu na Mombasa, mwezi Julai na msafara wa watu wapatao 200, akiitafuta njia fupi ya Buganda kupitia nchi ya Wamaasai. Hakujua, au hakutaka kusikia, kwamba Buganda iliamini adui wa kuimeza nchi atatokea mashariki, na kwamba habari za Wajerumani kunyakua nchi upande wa pwani zilikuwa zimeshafika kwa Kabaka Mwanga, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu kitini. Amri ilitoka Mengo, makao ya Kabaka. Chifu Luba alimzuia askofu karibu na ziwa, mahali ambapo leo ni Mayuge, mashariki ya Jinja. Hannington aliandika shajara hadi siku ya mwisho. Asubuhi ya tarehe 29 aliandika kwamba Zaburi ya 30 imemtia nguvu. Siku hiyohiyo aliuawa. Wapagazi wake wapatao 50 waliuawa pamoja naye, ni wachache mno waliookoka.

Sehemu kubwa ya msafara ilikuwa imebaki nyuma kwa Sundu, Mumias ya leo, chini ya William Jones, Mwafrika aliyefanywa shemasi na Hannington mwaka huohuo. Habari zilipothibitika, Jones aliwarudisha watu pwani kwa miguu. Waliingia Rabai Februari 1886 wakitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, jina la yule mtoto wa kitabu cha Samweli aliyezaliwa siku Sanduku la Agano lilipotekwa na utukufu ukaondoka Israeli. Naitafakari sana bendera hiyo. Watu wale walikuwa wameacha wenzao porini. Wangeweza kuandika kisasi, au ushindi ujao. Waliandika msiba. Theolojia ya wapagazi haikumwambia Mungu alichokusudia.

Wengine walimwambia. Masimulizi ya Busoga yanasema ukame uliingia baada ya mauaji, na watu wakaona mifupa ya Mzungu ndiyo iliyofunga mvua. Ikahamishwa itoke nchini. Ni hesabu ileile ya umati wa Karthago, ila hapa mtuhumiwa alikuwa tayari maiti. Mwishowe mabaki hayo yalizikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliishukia pwani ya Busoga na visiwa vya ziwa, ukaua watu zaidi ya laki mbili katika miaka michache, na serikali ikawahamisha waliobaki. Nchi ya Luba ikawa pori. Mtu wa shule ya Laktansio hakosi cha kusema hapo. Lakini ugonjwa huo ulienezwa na mbung'o, na mbung'o hakuuliza nani alikuwapo mwaka 1885. Aliwauma watoto ambao baba zao walikuwa hawajaoa siku Hannington alipouawa. Ukiiita adhabu hiyo haki, umemfanya Mungu kuwa chifu anayechoma kijiji kizima kwa kosa la mmoja, na machifu wa namna hiyo tunawajua.

Mwanga mwenyewe aliwaharibia zaidi wenye kupiga hesabu za namna hiyo. Kwa kawaida ya Laktansio, mtesaji angepaswa kufa kwa funza huku akimtukana Mungu. Mwanga alipinduliwa, akarudi, akaasi, akakamatwa Lango mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, akapelekwa uhamishoni Shelisheli. Huko akabatizwa. Jina alilopewa ni Danieri, la yule aliyetupiwa simba na simba wasimguse. Alifariki mwaka 1903. Na miaka ilipopita, mtoto wa Hannington, aliyekuja Uganda kuwa mmisionari kama baba yake, alimbatiza mtoto wa Luba. Kitabu cha vifo vya watesaji hakina sura ya mambo haya.

Aliyemkamata Mwanga anastahili kutazamwa kwa karibu. Semei Kakungulu alikuwa Mprotestanti wa mapema, mpiganaji na msomaji wa Biblia ya Kiganda. Mwaka 1897 askari Wasudani wa serikali waliasi, wakajifungia katika ngome ya Luba, mwendo mfupi kutoka alipouawa Hannington. Kilio chao kilikuwa cha mshahara mdogo unaochelewa miezi na safari zisizoisha mbali na wake zao na mashamba yao. Katika vita vya kuwazingira aliuawa George Pilkington, aliyekuwa ameongoza kazi ya kuitafsiri Biblia hiyo. Mmisionari alikufa akiwapigania waliowanyima askari ujira wao. Sijui Yakobo, aliyewaonya matajiri kwamba ujira wa wavunaji waliouzuia unapiga kelele, angelihubiri vipi hilo kanisani.

Kakungulu alitoka katika vita vile akiwa na jina kubwa, na baada ya kumkamata Mwanga alitazamia malipo. Aliingia Bukedi na Baganda wake wenye bunduki, akajenga ngome, akapasua barabara, akapanda miti, akawatoza watu kodi na kugawa nchi yao kwa wafuasi wake. Mji wa Mbale ulikua kuzunguka makao yake. Aliamini Waingereza wamemwahidi ukabaka wa nchi hiyo. Nao walipoona kazi imekwisha, wakaanza kusikia malalamiko ambayo hawakuyasikia kazi ilipokuwa ikifanyika: kwamba watu wake wanapora, kwamba anatawala bila ruhusa. Ngome ikachukuliwa. Akaachiwa maili 20 za mraba pale Mbale. Mwaka 1906 wakampeleka Jinja kuwa rais wa Lukiiko, baraza la Busoga, cheo chenye heshima na bila ufalme, naye akakaa nacho hadi 1913.

Mharamia na Aleksanda hawa hapa. Kakungulu alifanya kwa bunduki chache yale Uingereza iliyoyafanya kwa meli, reli na mikataba; mmoja akaitwa mporaji, mwingine akaitwa ulinzi. Kosa letu ni kudhani hadithi ya Augustino inamsafisha mharamia. Haimsafishi. Bagisu na Bakedi walionyang'anywa ng'ombe hawakurudishiwa ng'ombe wao eti kwa sababu mnyang'anyi mkubwa alimdhulumu mnyang'anyi mdogo. Swali la haki lilibaki palepale: nani anamdai nani, na nini.

Kilichofuata ni cha ajabu. Mtu aliyezungukwa na ushahidi wote ambao Eusebio angeutaka, mshindi Mkristo aliyemfunga mtesaji wa Wakristo, alianza kuisoma Biblia kana kwamba dola haimo ndani yake. Alirudi Mbale akaingia kwa Wamalaki, kundi lililoibuka Buganda mwaka 1914 likimkiri Mungu mmoja mwenye nguvu zote na kukataa dawa. Kama Mungu ndiye mponyaji, walisema, sindano ni kutomwamini. Ilipokuja chanjo ya lazima, viongozi wao waligongana na serikali na kuishia uhamishoni. Mwaka 1919 Kakungulu alisogea hatua nyingine. Katikati ya Bagisu, ambao kijana wao huukabili wembe wa imbalu, tohara yao, akiwa wima, Muganda huyu wa makamo alitahiriwa yeye na wanawe, kwa kuwa Torati imesema. Alipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kurasa 90 cha maagizo kwa wafuasi wake. Alifariki mwaka 1928, na jamii ya Abayudaya ingalipo kwenye vilima vya Mbale, ikishika Sabato.

Naona ndani yake ukaidi wa kuheshimiwa. Alishakula ahadi za serikali iliyosema inatumwa na Mungu, akaamua kumtafuta Mungu asiyetumwa na serikali. Hapo yuko karibu na Augustino kuliko alivyojua. Alipoikataa dawa ndipo wanapoachana. Katika sehemu ya mwisho ya kitabu chake, Augustino anauhesabu ufundi wa binadamu, uganga ukiwamo, miongoni mwa zawadi za Mungu kwa viumbe walioanguka. Kwake majaliwa hayashindani na mkono wa mtu; yanaupitia. Mwenye kuutupa mkono huo ili ampe Mungu nafasi amemfanya Mungu awe jirani mwenye wivu.

Nasema haya kwa sababu swali la Wamalaki halijaisha Mbale. Limehamia mlimani. Machi 1, 2010, ardhi ya Nametsi katika Bududa iliporomoka, ikafukia soko dogo, kituo cha afya na mamia ya watu. Oktoba 2018 Bududa ililia tena. Jumapili ya Julai 31, 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilivamia mji wa Mbale, ikaua watu zaidi ya 20. Novemba 27, 2024, ikawa zamu ya Bulambuli. Wapo ambao miili yao haikupatikana.

Msiba wa namna hiyo unajulikana ulivyo. Turubai limefungwa kwenye migomba, viti vya plastiki vimepangwa, majeneza yako mstari mmoja kwa sababu waliokufa ni nyumba moja. Mhubiri anasimama na kusema Mungu hakosei, na wafiwa wanaitikia amina, maana bila neno hilo hakuna anayeweza kuinua jembe. Kisha anasimama mheshimiwa mwenye bahasha ya rambirambi. Naye anasema Mungu hakosei. Ni maneno yaleyale, na hayana maana ileile. Mfiwa anayatumia kumkabidhi Mungu mtoto wake. Mheshimiwa anayatumia kumkabidhi Mungu faili lake.

Maana faili lipo. Inajulikana ni miteremko ipi ya mlima Masaba iliyokatwa miti ikapandwa mazao hadi kwenye genge. Inajulikana kwamba watu wanaongezeka na ardhi haiongezeki. Inajulikana kwamba mjini, nyumba zimesogezwa hadi kingo za mito na ndani ya chepechepe. Mpango wa kuwahamishia watu tambarare ya Bunambutye ulianza kupokea familia mwaka 2019, na unakwenda polepole kuliko mvua. Watu wanarudi juu, si kwa ujinga: huko ndiko kuliko na kahawa inayolipa karo, migomba inayolisha, na makaburi ya baba zao. Anayewaambia wahame anawadai kitu kikubwa, na anawiwa nao kitu kikubwa vilevile.

Karibu mwaka 440, padri Salviano wa Marseille aliandika juu ya utawala wa Mungu wakati dola ya magharibi ikimegukia mikononi mwa Wajerumani wa kale. Wenzake waliuliza kwa nini Mungu amewaacha. Naye akawageuzia kidole: mnawakamua maskini kwa kodi ambazo matajiri wanazikwepa, hadi maskini wanakimbilia kwa adui kutafuta utu, halafu mnauliza Mungu yuko wapi? Huyo naye aliyasoma maafa kama hukumu, na kwa hilo simfuati. Mtoto wa Nametsi hakukwepa kodi yoyote. Lakini namwonea gere kwa jambo moja. Majaliwa kinywani mwake hayakuwa blanketi la kumfunikia mkubwa. Yalimsimamisha mkubwa mbele ya hesabu.

Kwa hiyo sioni kwamba imani katika maongozi ya Mungu ndiyo inayotulaza. Kinachotulaza ni kuitumia mahali pasipo pake. Imani hiyo inamnyima mshindi haki ya kusema Mungu amemchagua, na inamnyima mtazamaji haki ya kusema wafu walistahili. Ikishawanyima hao wawili, inatuachia kazi iliyo chini kabisa na isiyo na sifa: nani alifungua lango la maji na kwa kipimo gani, nani alitia sahihi kibali cha kujenga kwenye chepechepe, nani hajalipwa.

Augustino aliijua kazi hiyo. Sheria za Konstantino zilikuwa zimewapa maaskofu mamlaka ya kuamua mashauri ya watu, na yeye, huku akiandika juu ya miji miwili na mwisho wa dunia, alitumia asubuhi nyingi pale Hippo akisikiliza nani kasogeza mpaka, nani kala urithi wa yatima, nani kamkopesha nani. Alilalamika kwamba kazi hiyo inamla muda wa kusali na kusoma. Aliandika pia, kwa uchungu, kwamba hakimu hawezi kuona moyo wa mtu, na kwamba mara nyingi ataumiza asiye na kosa kwa sababu hajui. Hata hivyo kesho yake alikaa tena. Aliyefundisha kwamba siri za Mungu hazisomeki katika matukio hakuitumia siri hiyo kuahirisha kesi ya mtu yeyote.

Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kule Bulambuli, mwenye daftari lililolowa na majirani wawili wanaogombea shamba ambalo alama zake zimezolewa na tope, anafanya kazi hiyohiyo. Haelezwi na mtu kwa nini mlima ulianguka usiku ule. Anatakiwa tu kuupata mpaka, na kumrudishia kila mmoja kilicho chake. Wakubwa wake wangekuwa nao wamefanya hivyo kwa kiasi chao, mhubiri angebaki na machache ya kumtetea Mungu.